Kitabu cha Nyuma ya Ukuta

Itiryo, 6 Mei 1956

Kwa Mwalimu Filemoni, Busawe

Salamu nyingi, na barua hii uisome ukiwa umekaa, maana itakuudhi. Kile kitabu ulichokitukana hapa kwangu siku ya Pasaka nimekimaliza. Nimekisoma mwenyewe, toka jalada hadi jalada, kwa siku tatu, bila kumwomba mtu msaada, mimi niliyefukuzwa darasa la pili kwa kumng'ata katekista sikio. Sasa kati yangu na wewe msomi ni nani?

Haya, umeshacheka. Ni uongo. Sijasoma hata mstari mmoja. Ukitazama herufi zangu zinavyopandana utajua mwenyewe. Naandika kwa kukunja karatasi: kidole cha kushoto kinafuata mkunjo, na kalamu inafuata kidole. Jicho la kulia lilikufa mwaka juzi. La kushoto lina mtoto wa jicho, ndivyo alivyosema daktari wa Tarime, na sasa naona ng'ombe wakirudi kama moshi wenye pembe. Rhobi mke wangu namwona wawili, na mmoja tu alikuwa ananitosha kabisa.

Lakini kitabu nakifahamu, na nitakuambia kwa njia gani, ili usiseme nimemloga dada yako. Mwanangu Tomaso alikituma toka jeshini Nairobi. Humu nyumbani anayejua kusoma ni mmoja tu, Verdiana, mke wa Tomaso, dada yako. Na wewe unajua mila kama mimi: siwezi kuingia nyumbani kwa mkamwana wangu, siwezi kumtazama usoni, wala yeye hawezi kukaa akapiga hadithi na baba mkwe wake kama wanywaji wa pombe. Rhobi ndiye aliyetengeneza mambo. Mimi nakaa nje, mgongo kwenye ukuta wa nyumba yake, karibu na ghala la ulezi. Yeye anakaa ndani, chini ya kile kidirisha kidogo. Alasiri, kabla ng'ombe hawajarudi, anasoma. Nikiwa na swali namwuliza mbuzi aliyefungwa pale. Nasema, "Wewe mbuzi, huyu mwenye bastola si alikufa jana?" Na kutoka ndani nasikia, "Mbuzi, mwambie mwenyewe aliyekufa ni pacha wake."

Jirani yangu Kisyeri alikuja kulalamika. Akasema, "Nyangwine, unaongea na mkamwana." Nikamwambia, "Kinachoongea ni kitabu. Yeye amekiazima mdomo tu." Alifikiri mpaka pombe ikaisha, akakubali. Kitabu kikisomwa si maongezi. Hata Padri anasoma mbele ya wakwe zake wote wa kiroho.

Sasa rudi kwenye kosa lako. Ulikishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa, ukasoma nusu ukurasa, ukasema, "Baba Tomaso, hizi ni takataka za stesheni, zimeandikwa vibaya." Vibaya namna gani? Kinaitwa Kofia ya Marehemu. Mtu anauawa ndani ya treni, maiti haionekani, inabaki kofia. Kila sura kofia inaonekana juu ya kichwa kingine, na Inspekta Solo anaikimbiza. Juzi alipiga risasi kumi na moja. Rhobi aliinuka kwenda kuona kama ng'ombe wameshtuka. Nitajie kitabu chako kimoja cha shule kilichowahi kumwinua Rhobi.

Nijibu.

Ni mimi, Nyangwine

*

Shule ya Busawe, 21 Mei 1956

Baba Tomaso, shikamoo.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa Simioni, ambaye lori lake lilikwama kwetu siku mbili kwa ajili ya matope. Huku mvua ni nyingi na mtama umelala. Nashukuru kusikia hamjambo.

Kuhusu kitabu, sina budi kusema kweli kama nilivyofundishwa kuisema. Katika nusu ukurasa niliyosoma, neno "ghafla" lilikuwemo mara saba. Mtu mmoja alikuwa na ndevu aliposhuka kwenye behewa, na kabla hajafika getini alikuwa hana. Nawe mwenyewe umeniandikia, bila kuona haya, kwamba bastola ilipiga risasi kumi na moja. Bastola ya namna hiyo ina sita, Baba. Mwandishi anayeshindwa kuhesabu mpaka sita atatufundisha nini? Watu hawa huandika kitabu kwa wiki moja ili kukiuza kwa abiria wanaongoja treni. Husisimua kama pilipili. Ukishakula hujashiba.

Nimemwomba Simioni anitafutie nakala nyingine huko aendako, ili nikuonyeshe makosa ukurasa kwa ukurasa. Si kwa ubishi. Ni kwa elimu.

Jambo kubwa zaidi ni macho yako. Daktari wa macho hupita hospitali ya misheni kule ziwani mara moja tu kwa mwaka, juma la kwanza la Agosti. Nimesikia mwaka huu atafika. Jicho lako la kulia lilipotea kwa kungoja, na ulingoja kwa ubishi wako mwenyewe. Nakuomba uende. Ukienda, nitakiri kwamba risasi zilikuwa kumi na moja.

Msalimu Mama Rhobi na dada yangu.

Mwanao, Filemoni

*

Itiryo, 9 Juni 1956

Mwalimu mura, kijana wangu,

Barua yako imesomwa kwa sauti ukutani, pamoja na zile "ghafla" zako saba. Mbuzi alicheka.

Kuhusu hospitali, siendi. Usinikunjie uso, sikuoni. Rika langu Heche alikwenda hospitali ya mbali, jina silitaji, kukatwa uvimbe, akarudi amelala ndani ya blanketi. Mimi kisu nilikiona mara moja tu, siku ya kutahiriwa, sikupepesa, na niliwaahidi wazee kwamba hiyo ilikuwa ya mwisho. Tena wanakata jicho lenyewe, na wewe unawatazama, maana utatazama wapi?

Lakini sababu hasa si hiyo. Sababu ni kwamba bado sijui nani aliua. Nikifia pale mezani nitakwenda kwa mababu bila kujua, na wao wataniuliza. Wasiopenda kuulizwa wafe mapema. Mimi namaliza kitabu kwanza. Nimemwambia mbuzi hivyo, kwa sauti, na ndani mtu akakohoa.

Na sasa nataka nikupige kabisa. Unasema mwandishi hajui kuandika. Kweli mwanzo ulikuwa makelele matupu, watu wanapanda juu ya behewa na kuanguka. Lakini tangu mwezi uliopita kitabu kimegeuka. Inspekta ameacha reli. Amefuata kofia mpaka nchi ya milima, baridi kama huku kwetu, na hapigi tena risasi. Sikiliza kipande hiki. Nimekishika kwa moyo kwa sababu nilimwamuru mbuzi kirudiwe mara tatu:

"Ukungu ulikuja bila kupiga hodi. Uliingia ndani ukakaa kwenye kiti cha marehemu, na mwenye nyumba akaumiminia uji, maana hakujua kama ni mgeni au ni mtu wa pale aliyekuwa amechelewa kurudi."

Halafu Inspekta anamkuta mama mmoja ambaye nyumba yake imejaa vibuyu. Ndani ya kila kibuyu kuna sauti ya mtu aliyekwenda mbali. Mama anamwambia usifungue kwa haraka, sauti itatoka imechoka na haitakujua. Inspekta anaweka sikio kwenye kibuyu kimoja na kusikia treni.

Mura, tangu siku ile nikikaa pale ukutani na ukungu wa Itiryo ukishuka, na ule wa jicho langu ukipanda kuupokea, sijui tena kama niko ndani ya kitabu au nje yake. Mbuzi anakuwa mweupe kuliko alivyo. Nasikia sauti ya Tomaso akiwa mdogo, anaita ndama. Simwambii Rhobi, atasema ni pombe.

Haya, Mwalimu. Hiyo nayo imeandikwa vibaya?

Nyangwine

*

Shule ya Busawe, 24 Juni 1956

Baba Tomaso, shikamoo.

Mvua imepungua na tumeanza kuvuna. Ndama wa baba yetu amepona.

Simioni ameniletea Kofia ya Marehemu, nakala kamili, kurasa sitini na nne. Nimeisoma yote, kwa ajili ya ukaguzi. Niliianza wakati watoto wakifanya mtihani wa hesabu, na nasikitika kukiri kwamba kengele ya mapumziko siku hiyo iligongwa kwa kuchelewa sana. Kitabu ni kibaya kuliko nilivyodhani. Mwuaji ni ndugu wa mkuu wa stesheni, mtu ambaye hajatajwa hata mara moja kabla ya ukurasa wa sitini na mbili.

Lakini Baba, hakuna milima. Hakuna mama wala vibuyu. Inspekta haachi reli hata siku moja. Kile kipande cha ukungu nilikitafuta mara mbili, ukurasa kwa ukurasa, kwa kidole, maana nilipokisoma katika barua yako niliweka kalamu chini na sikuweza kusahihisha madaftari tena siku ile. Hakimo. Ama umeota, ama unasomewa kitabu kingine. Nitakutumia nakala yangu kwa Simioni ili jambo hili lijulikane.

Agosti inakaribia. Tafadhali nenda.

Filemoni

*

Itiryo, 2 Julai 1956

Kaka Filemoni,

Shikamoo. Barua yako ya mwisho nilimsomea Tata, baba mkwe wangu. Nilisoma salamu, nikasoma mvua na ndama, nikaruka katikati yote, nikasoma Agosti na jina lako. Alisema, "Mbuzi, leo Mwalimu ameandika kifupi, amekasirika."

Usilete hicho kitabu chako. Nakuomba kwa jina la mama yetu.

Kitabu alichotuma Tomaso kina kurasa thelathini na moja. Zilizobaki askari wenzake walizungushia tumbaku. Nilipofika mwisho, Inspekta alikuwa ananing'inia nje ya dirisha la treni kwa mkono mmoja, na hakukuwa na ukurasa mwingine. Nilitaka kusema kimekwisha. Nikamsikia Tata nje anavuta pumzi anangoja, na Mama Rhobi ameacha kupepeta. Basi mdomo wangu ukaendelea. Sijui ulitoka wapi. Nikamshusha yule mtu kwenye treni, na mahali pekee nilipojua kumpeleka ni hapa.

Najua ni vibaya. Nikisoma, naongea maneno ya kitabu. Nikitunga, ninaongea na baba mkwe wangu kila siku, alasiri nzima, kama mwanamke asiye na kwao. Kisyeri akijua itakuwa kikao cha wazee, na Tata ataaibika kuliko mimi. Kwa hiyo nashika kitabu mkononi na kufungua kurasa, hata kama ni zilezile.

Unacheka vitabu hivi. Mimi pia niliona zile ndevu na nikahesabu risasi. Lakini mwaka jana nilijaribu kumsomea Tata kile kitabu chako cha zawadi, kilichoandikwa vizuri, chenye mashamba na wema. Alilala mpaka mbuzi akala kofia yake. Hiki kibaya ndicho kilichonifundisha mahali pa kunyamaza. Kila sura kinakuachia mguu mmoja hewani. Sasa nataka kuutumia huo mguu.

Tata anaogopa. Kila siku namsikia akipapasa ukuta kutafuta mahali pa kukaa, na jana alipapasa upande usio wake, akakaa kwenye mavi ya ng'ombe, akajifanya amependa. Agosti hii ikipita, mwaka kesho patakuwa giza. Kwa hiyo nimeanza kumwumiza Inspekta macho. Polepole. Hajui tena kofia ni ya rangi gani. Wiki ijayo ataambiwa kwamba hawezi kumjua mwuaji mpaka akakatwe jicho. Atakwenda. Atalala na kitambaa usoni, na nyayo zitakuja mpaka kitandani kwake. Hapo nitafunga kitabu, nitamwambia mbuzi kwamba kilichobaki kitasomwa mwenye mbuzi akirudi toka ziwani.

Naomba unisaidie. Andika barua nimsomee. Sema vibuyu vimo. Najua wewe husemi uongo. Sema huu mmoja, utubie baadaye.

Tomaso hajaandika tangu Februari. Vile vibuyu sikuvitoa mbali.

Dada yako, Verdiana

*

Shule ya Busawe, 15 Julai 1956

Baba Tomaso, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima.

Ilikuwa makosa yangu. Nilipokitazama kitabu tena kwa utulivu, nilikuta mambo niliyokuwa nimeyapita. Milima imo. Vibuyu vimo. Kipande cha ukungu kimo, na kimeandikwa vizuri. Nalisema hili bila kulazimishwa na mtu: kimeandikwa vizuri kuliko chochote nilichowahi kuwapa watoto wanakili.

Sitakuharibia yatakayofuata. Nitasema tu kwamba mimi nimeyasoma, na Inspekta alifanya vema kwenda kwa daktari. Asingekwenda, hadithi ingekwama.

Nakala yangu siwezi kuituma kwa sasa. Imeazimwa na mtu.

Mwanao, Filemoni

*

Itiryo, 30 Julai 1956

Mwalimu,

Dada yako ni mkatili, na ninakuandikia kama shahidi.

Jana Inspekta amelala, kitambaa machoni, mikono imefungwa asijikune. Nyayo zinakuja. Anazihesabu. Mtu anasimama kando ya kitanda, anavua kofia, anaiweka juu ya kifua chake, taratibu kama anavyofunikwa mtoto. Inspekta ananusa. Anaijua harufu ile. Anasema, "Kumbe ni wewe." Na pap, kitabu kikafungwa. Nilisikia kinafungwa.

Nikasema, "Mbuzi, endelea." Mbuzi akatafuna majani. Nikasema, "Mbuzi, nitakuchinja." Ndani nikasikia, kwa upole, kwa adabu zote, "Mbuzi, mwambie mwenyewe kwamba kilichobaki kitasomwa akirudi toka ziwani. Asiporudi toka ziwani kwa sababu hakwenda, mimi nitakitia jikoni."

Nimegoma kula. Rhobi akala chakula changu, akasema kizuri. Nimegoma kulala, nikasinzia. Nimejaribu kumwazima mtu wa kusoma toka Genkuru. Akaja, dada yako akamwambia kwamba kitabu ni cha Tomaso na Tomaso hajaruhusu. Hakuna wakili anayeweza kumshinda.

Naenda Jumanne na lori la Simioni. Rhobi anafuatana nami, amefunga blanketi mbili, na moja najua ni ya kunirudishia kama Heche. Sikukuambia hili na hujalisikia: naogopa kuliko siku ya kutahiriwa. Lakini nikiwa pale mezani nimeamua nitahesabu nyayo kama Inspekta. Mtu anayehesabu hana nafasi ya kulia.

Nikifa, mwambie Verdiana nilisema mwuaji ni yule mama wa vibuyu. Kama nimekosea asinisahihishe.

Nyangwine

*

Itiryo, 19 Agosti 1956

Kaka,

Shikamoo. Hatuna habari bado. Simioni alipita, akasema aliwashusha kwenye lango la hospitali, na Tata aliingia akimtukana mlinzi, kwa hiyo alikuwa na nguvu.

Zizi nalifunga mimi. Alasiri inapofika mikono yangu inakwenda kwenye kitabu. Jana nilijikuta chini ya dirisha nikisema, "Ukungu uliondoka siku hiyo mapema," na nje hapakuwa na mtu. Mbuzi tu. Nikaona haya, lakini nikamaliza sentensi.

Jambo moja sikuliwaza nilipopanga haya yote. Akirudi anaona, atataka kukishika kitabu mwenyewe. Atakuta kurasa thelathini na moja. Atajua nilikuwa nikiongea naye. Basi itabidi ninyamaze, na yeye hataweza hata kuniuliza mwisho. Akirudi haoni, nitakuwa nimempeleka kisuni bure. Kanisani najaribu kuomba, na sijui niombe lipi kwa maneno gani. Naomba aone.

Tomaso ameandika. Yu mzima.

Verdiana

*

Itiryo, 23 Septemba 1956

Kwa Mwalimu Filemoni, Busawe

Mura, tazama mistari hii. Imekaa kama ng'ombe kwenye josho, mmoja nyuma ya mwingine. Sikukunja karatasi. Naiandikia kwa Simioni, Tarime, kwenye boneti ya lori lake, na utajua mwisho kwa nini siiandikii nyumbani.

Naona. Si kama kijana, lakini naona. Walinilaza siku tisa kichwa kati ya mifuko ya mchanga, na ilikuwa kama kulala chini ya mto wenye maji ya maziwa. Sauti zilikuwa zinapita juu. Nyayo nilizihesabu mpaka mia sita, kisha nesi mmoja akaniambia, "Mzee, hizo ni saa ya ukutani." Walipofungua kitambaa kitu cha kwanza kilikuwa ziwa dirishani, na mimi nikadhani wametundika shuka la buluu. Cha pili Rhobi. Mmoja. Amezeeka, mura. Nilimwambia, akasema, "Na wewe ungejiona." Wamenipa miwani minene kama chini ya chupa.

Tulirudi Ijumaa ya kwanza ya mwezi huu. Siku ya pili Verdiana alikwenda mtoni, nikamwambia Rhobi anichukulie kile kitabu humo ndani, yeye anaruhusiwa. Nilikishika zamani kilipofika, nikadhani wembamba ule ndio ukubwa wa vitabu vya stesheni. Sasa nikakifungua. Nikasoma mwenyewe, herufi kwa herufi, tangu asubuhi mpaka jua la kichwa. Kurasa thelathini na moja. Baada ya hapo meno ya karatasi iliyochanwa, na harufu ya tumbaku. Ndani ya jalada ilikuwemo barua yako ya Juni, nikaisoma nayo, na katikati yake yote sikuwa nimesomewa.

Nilikaa. Nikamwuliza Rhobi, "Ulijua?" Akasema, "Mzee, yule mama wa vibuyu alikuwa anatukana matusi yangu yote. Ulidhani mzungu wa Nairobi aliyasikia wapi?" Akarudisha kitabu mahali pake.

Kwa hiyo na wewe ulijua, mtakatifu. Barua yako ya Julai niliifikiria sana kule kitandani. Niliona ajabu mtu wa kweli kama wewe kukiri kosa kwa upole namna ile.

Alasiri ile nikaenda ukutani kama kawaida, nikapapasa kidogo kwa ajili ya heshima. Nikamwambia mbuzi, "Jicho linaona ng'ombe na miti. Miwani hii ni ya mbali. Ya karibu bado, herufi ni moshi mtupu." Ndani nikasikia kigoda kikivutwa. Kisha akaanza. Inspekta akatoa kitambaa machoni, na pale kando ya kitanda hapakuwa na mtu, palikuwa na kofia tu, yenye joto. Mwuaji bado, mura. Amekimbilia nchi nyingine.

Nikageuza kichwa. Naapa haikuwa kusudi, nzi alinitua. Kidirisha kile kiko sawa na bega langu. Uso sikuuona. Niliona mikono. Kitabu kilikuwa kimefungwa juu ya kigoda, na mikono ilikuwa inachambua maharagwe. Maharagwe mazuri huku, mabovu kule, na sauti inasoma. Anapofika mahali pa kutisha vidole vinasimama na harage moja hewani. Nilifumba jicho haraka. Limegharimu siku tisa za mchanga, na nililifumba.

Sasa ubishi wetu. Zile kurasa thelathini na moja nimezisoma kwa jicho langu, na nakuambia umeshinda: zimeandikwa vibaya kabisa. Ndevu zinaota na kuondoka. Nilipozisoma peke yangu nilipiga miayo mara nne. Lakini wewe pia ulizisoma, na watoto wako wakakosa mapumziko. Hapo sijui nani ameshinda, na sitaki kujua. Ninachojua ni kwamba bila takataka ile ningekuwa leo nakaa kwenye mavi ya ng'ombe na kusema nimependa.

Shida yangu ni hii. Akijua kwamba najua, mlango umefungwa. Kitabu kikisomwa, hata Kisyeri hana neno. Lakini mkamwana akipiga hadithi na baba mkwe kwa mdomo wake mwenyewe, hilo yeye hatalifanya, wala mimi sitamwacha alifanye. Na nimeanza kumsikia anaharakisha. Jana alitaka kumkamata mwuaji kabla ya wakati. Anaogopa siku nitakayokiomba kitabu, anataka kimalizike kwanza. Mtu anayeweza kumiminia ukungu uji hafai kuharakishwa. Nina miaka sijui mingapi iliyobaki, na nataka niitumie pale ukutani.

Wiki iliyopita Padri alipita nyumbani na pikipiki yake. Akaniuliza, uso mzito, kama ni kweli Mwalimu wa Busawe ameonekana na kitabu chekundu cha mauaji ndani ya darasa. Nikamtazama kwa jicho jipya, nikamwambia, "Padri, yule kijana angeona afadhali ale sabuni." Akaridhika, akanywa maziwa, akaondoka. Dhambi hiyo nimeibeba kwa ajili yako, nami ni mzee, mgongo unauma.

Basi unanidai nini? Hunidai. Mimi ndiye ninayekudai, na deni ni dogo. Barua yako ijayo atanisomea yeye, kama zote. Niandikie mle, baada ya salamu, kwamba umepata habari za uhakika toka Nairobi: kitabu hicho kamili kina kurasa mia nne, nakala yako nayo ilikuwa imechanwa, na mpaka leo hakuna mtu Busawe nzima anayejua nani aliua. Na uiandike mara mbili, mwanzo na mwisho, maana msomaji wetu ana tabia ya kuruka katikati.

Ni mimi, Nyangwine